Saa Tatu, Mara Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
wewe ulilishika siku ya kwanza.
Kabla sijazinduka vizuri, kule Eldoret,
nesi aliuinua mfuko wa mkojo kwenye mwanga wa dirisha
akacheka kama aliyeokota pesa.
"Analima," akasema.
Tangu siku hiyo mkojo si neno la aibu nyumbani mwangu.

Walikulaza kinenani, upande wa kulia,
si mgongoni walikokauka wale wawili wa kuzaliwa nao.
Huko nyuma nina magofu mawili,
huku mbele nimejenga chumba kimoja.
Usiku nikikuwekea kiganja, mshipa unadunda,
wa Akeyo au wangu,
sijui tena.

Shida ni askari wangu.
Damu yangu inalindwa na watu wa rungu na tochi,
barua ya daktari hawajui kuisoma.
Kila kukicha wanakuuliza: wewe mtoto wa nani?
Unawajibu, baba yenu ndiye baba yangu.
Hawasikii.
Basi nawalewesha,
saa tatu asubuhi, saa tatu usiku,
vidonge viwili vyeupe na kimoja cha njano,
wasinzie tu, wasilale fofofo,
maana wakilala kabisa nani atafunga lango?

Maji ya bomba la Manyatta nayachemsha hadi kifuniko kicheze.
Balungi la Mama Nyangweso nalipita kama mtu ninayemdai na kumwogopa.
Kuku wa jirani nawasalimia kwa mbali.
Nachomelea mageti ya watu pale Kibuye
na kofia pana, hata jua la saa mbili,
wenzangu wananiita mmisionari.
Na ile chupa ya manyasi ya shangazi Dorsila,
mizizi ya miti saba, imezibwa kwa gunzi,
niliipokea kwa mikono miwili,
nikashukuru,
nikaimwagia mche wa mpapai.
Mpapai umestawi. Sijamwambia.

Mwezi wa nne tulikesha matangani kwa mjomba Ogalo, Nyakach.
Mvua, matope, turubai linalovuja,
na mikono, mikono, mikono.
Kwetu mkono usiotolewa msibani ni tusi
hata kama ulimi umelia.
Nilisimama pembeni, barakoa usoni,
viganja nimevifumbata kifuani kama mdaiwa.
Sinia la watu sita lilipita;
nilimenya yai langu la kuchemsha, la mfukoni.
Sylvanus, binamu yetu, akasema nisikie:
"Tangu apewe figo ya dada, amekuwa bibi harusi."
Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo,
na yai likanikwama.

Saa tatu, katikati ya maombi,
simu ikalia kiunoni mwangu kama jogoo mwendawazimu.
Mhubiri akanyamaza.
Turubai zima likageuka.
Nilipapasa mfuko, kidonge cha njano kikaanguka,
na Akeyo, kutoka upande wa wanawake,
akavuka lile tope na chupa ya maji mkononi,
hakuharakisha.
"Mtumishi, tungoje kidogo," akasema.
"Figo yangu inakunywa dawa."

Hakuna aliyekohoa.
Kisha mwanga ukaniangukia viganjani,
ni Sylvanus, ameshika tochi,
ananimulikia nihesabu vidonge.
Hakusema pole. Sikumwambia asante.
Kile cha matopeni nilikiacha,
nikachukua kingine.

Jumapili Akeyo hupiga simu.
Hasemi hujambo.
"Anakula?"
"Anakula."
"Analima?"
"Analima."
Halafu ananiuliza kama ngege wamepanda bei,
na kama nimelipeleka lile geti la kanisa,
na mimi namjibu nikitazama saa ya ukutani,
bado dakika nne.